Jina, Daftari na Daraja: Nafasi ya Kiswahili katika Utafiti wa Uwandani wa Ikolojia ya Wanyamapori

Ikisiri

Utafiti wa ikolojia ya wanyamapori unaofanywa na vyuo vikuu katika Afrika Mashariki na Kati huanzia porini na kuishia katika majarida ya kimataifa. Katikati ya safari hiyo data hupita katika lugha kadhaa, na Kiswahili hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo bila kutajwa. Makala haya yanaeleza hatua tatu ambamo lugha huathiri ubora wa matokeo: kumtambua mnyama kwa jina, kurekodi tabia na dalili zake katika daftari, na kutangaza daraja la hatari inayomkabili. Mifano imetolewa kutoka Mlima Rungwe, Gombe, Kihansi na safu ya Virunga. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili ni chombo cha upimaji kama vilivyo vyombo vingine vya uwandani, na kwamba chombo kisichokaguliwa huzalisha makosa yasiyoonekana. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo matano kwa taasisi zinazotoa vibali, vyuo vikuu na vyombo vya lugha vya kanda.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa shahada ya uzamivu anayekwenda kuchunguza sokwe, mbega au tembo katika nchi za Maziwa Makuu kwa kawaida huandika pendekezo lake kwa Kiingereza au Kifaransa, hulitetea kwa lugha hiyo, na hatimaye huchapisha matokeo kwa lugha hiyo hiyo. Siku zake za porini, hata hivyo, hupita kwa lugha nyingine. Mwongozaji anayemwonyesha njia, msaidizi anayejaza fomu, askari wa hifadhi anayefuatana naye na mkulima anayemsimulia jinsi tumbili walivyoingia shambani, wote hao huzungumza naye kwa Kiswahili au kwa lugha ya jamii yao ambayo Kiswahili huifasiri.

Katika sura ya mbinu za utafiti, kila chombo huelezwa kwa makini. Darubini hutajwa aina yake, kifaa cha kubainisha mahali kwa setilaiti hutajwa kiwango chake cha kukosea, na mizani hutajwa ilivyosawazishwa. Lugha iliyotumika kuuliza, kujibu na kuandika hupewa sentensi moja, au haitajwi kabisa. Kimya hicho kina gharama. Taarifa ya mnyama adimu inaweza kupotea kwa sababu swali liliulizwa kwa jina lisilo lake. Dalili inaweza kuhesabiwa kama mnyama aliyeonekana. Na habari njema ya uhifadhi inaweza kuwafikia wananchi ikiwa imepoteza maana yake.

Suala hili lina uzito wa pekee wakati huu. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo, na mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo misitu muhimu ya kanda, ambayo wanyama wake huvuka mipaka bila pasipoti, sasa imo ndani ya jumuiya moja yenye lugha moja ya mawasiliano mapana. Swali linalobaki ni kama lugha hiyo imeandaliwa kwa kazi ya sayansi ya uwandani.

Kwa ajili ya makala haya, neno sokwe limetumika kwa maana ya mnyama anayeitwa pia sokwe mtu, naye gorila ametajwa kwa jina lake. Ufafanuzi huo ni wa lazima kwa sababu kamusi na magazeti hulitumia neno sokwe kwa wanyama wote wawili, na mashariki mwa Kongo sokwe hufahamika zaidi kama sokomutu. Msomaji wa Bukavu, wa Kigoma na wa Kampala anaweza kusoma neno moja akapata picha tatu.

2.0 Jina: mlango wa kwanza wa ugunduzi

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakikagua misitu ya Mlima Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, walisikia kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za mnyama aitwaye kipunji. Masimulizi ya jamii hiyo yana wanyama wa kweli na wengine wa kimizimu, hivyo haikuwa wazi mwanzoni kama kipunji alikuwa kima wa damu na nyama au kiumbe wa hadithi. Watafiti walilichukua jina hilo kwa uzito na wakaendelea kumtafuta hadi walipomwona vizuri mwishoni mwa mwaka huo. Mwezi Julai 2004 kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za Rungwe, lilimwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa. Makundi hayo mawili yaliungana na kumtangaza pamoja mwaka 2005. Mwaka 2006, baada ya kuchunguzwa kwa mzoga wa mnyama aliyenaswa katika mtego wa mkulima, aliwekwa katika jenasi yake mwenyewe, naye akawa Rungwecebus kipunji. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kwamba walikuwapo takriban 1,100 tu duniani.

Kwa sayansi, huyo alikuwa mnyama mpya. Kwa wawindaji wa Rungwe hakuwa mpya hata kidogo. Alikuwa na jina, na jina hilo ndilo lililowaongoza watafiti. Udzungwa ilikuwa imekwisha kutoa somo kama hilo mwaka 1979, watafiti waliposikia msituni mlio wasioufahamu na mwongozaji wao mwenyeji akautambua mara moja. Mnyama huyo leo hujulikana kwa jina la Sanje, kijiji kilichoko chini ya milima hiyo.

Katika visa vyote viwili, lugha iliyohifadhi maarifa ilikuwa lugha ya jamii husika, na Kiswahili kilikuwa daraja kati yake na chuo kikuu. Hapa pana tahadhari. Majina ya Kiswahili ya wanyama wadogo na wa msituni mara nyingi ni mapana kuliko spishi. Neno popo linatosha kwa popo wote, ilhali nchini Kenya pekee zimeorodheshwa zaidi ya spishi 100. Neno chura linafanya kazi hiyo hiyo kwa amfibia wengi. Mbega humtaja mbega mweusi mwenye manyoya meupe na vilevile mbega mwekundu, ingawa wawili hao wanatofautiana katika chakula, katika ukubwa wa makundi na katika hatari zinazowakabili. Nayo majina kima, tumbili na ngedere hubadilishana wenyewe kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Matokeo ya hali hiyo katika hojaji ni rahisi kuyaona. Mkusanya data akiuliza, “Je, kuna mbega katika msitu huu?” atapata jibu la ndiyo lenye maana mbili, na jibu hilo litaingia katika jedwali kama taarifa ya spishi moja. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyekosea kuhesabu. Jina ndilo lililobeba wanyama wawili. Njia salama ni kumtaka msailiwa ataje mwenyewe wanyama anaowafahamu kwa lugha yake, aeleze rangi, mlio, mkia na chakula chao, ndipo picha zionyeshwe na majina ya Kiswahili na ya kisayansi yalinganishwe. Ugunduzi wa kipunji usingetokea kwa orodha ya majina ya Kiswahili iliyochapwa mapema, kwa kuwa jina hilo lisingekuwamo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, ambao utafiti wao wa sokwe katika Milima ya Mahale ulianza mwaka 1965 chini ya Toshisada Nishida, waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1981 Nishida na mwenzake Shigeo Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe, lugha ya wenyeji wa eneo hilo. Orodha ya namna hiyo ina manufaa mawili. Humwezesha msaidizi kurekodi papo hapo mmea anaokula sokwe kwa jina analolijua kwa hakika, na huhifadhi msamiati ambao vijana wanaweza wasiurithi. Ni kazi ya ikolojia na ya leksikografia kwa wakati mmoja.

3.0 Daftari: Kiswahili kama lugha ya data

Mfano mkubwa wa Kiswahili kutumika kama lugha ya data za ikolojia uko Gombe, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Jane Goodall alifika hapo Julai 1960, na eneo hilo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Katika miaka iliyofuata kituo hicho kilipokea wanafunzi kutoka vyuo vikuu vya nje, hasa Chuo Kikuu cha Stanford, na sambamba nao Watanzania wa vijiji vya jirani walifunzwa kuwafuata na kuwaandika sokwe. Msaidizi mmojawapo, Hilali Matama, ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 sokwe dume aitwaye Godi akishambuliwa na madume wa jamii ya Kasakela. Tukio hilo lilikuwa la kwanza kurekodiwa katika mfululizo wa mashambulizi yaliyoiangamiza jamii ndogo ya Kahama iliyokuwa imejitenga, na lilibadilisha uelewa wa wanasayansi kuhusu ukatili miongoni mwa jamaa hao wa karibu wa binadamu.

Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng’ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne wa kituo hicho. Wanafunzi hao waliachiliwa baadaye, lakini kwa muda watafiti wa kigeni hawakuruhusiwa kuishi Gombe. Utafiti haukukoma, kwa kuwa wasaidizi wa Kitanzania waliendelea kupanda milima kila siku, kumfuata sokwe aliyechaguliwa, kuchora njia yake kwenye ramani, kuandika kila baada ya dakika 15 ni nani aliokuwa nao, kurekodi chakula chake, na kuyasimulia matukio ya siku kwa Kiswahili. Madaftari hayo yalitafsiriwa na kuingizwa katika hifadhidata iliyotunzwa katika vyuo vikuu vya Marekani, kwanza Minnesota na baadaye Duke. Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu maisha marefu ya sokwe, yaani umri wa kuzaa, ukoo, cheo na kifo, imepitia katika sentensi za Kiswahili.

Jambo hilo linastahili kuangaliwa na wanaisimu, kwa sababu sarufi huelekeza kile ambacho mwandishi hulazimika kukisema na kile anachoweza kukiacha. Vipengele vinne vya sarufi na desturi ya Kiswahili vinagusa moja kwa moja ubora wa data za uwandani popote zinapoandikwa kwa lugha hii.

Kipengele cha kwanza ni viambishi vya nafsi. Kiswahili hakitofautishi jinsi katika nafsi ya tatu. Sentensi “anamfuata mtoto wake” haisemi kama mfuataji ni dume au jike, wala haiko wazi kama mtoto ni wa mfuataji au wa mnyama mwingine aliyetajwa kabla. Mtafsiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua jinsi, asipojua, hukisia. Desturi ya kumpa kila mnyama jina na kulirudia katika kila sentensi hutatua tatizo hili, hata kama mwalimu wa insha angeona marudio hayo kuwa kasoro ya mtindo.

Kipengele cha pili ni kiambishi cha kutendana. Hapa Kiswahili kina nguvu. Mwandishi anayeandika “wanasafishana” ametoa taarifa ya kisayansi tofauti na anayeandika “anamsafisha”. Katika uchunguzi wa urafiki na vyeo miongoni mwa sokwe au nyani, nani humsafisha nani na kama hurudishiwa ni swali la msingi. Lakini kiambishi hicho hakisemi aliyeanza, wala hakisemi kama tendo lilikuwa la wakati mmoja au la kupokezana. Mafunzo ya wasaidizi yanapaswa kuwaeleza wazi ni wakati gani kauli ya kutendana inaruhusiwa na wakati gani matendo yaandikwe moja moja.

Kipengele cha tatu, na huenda ndicho chenye madhara makubwa zaidi, ni hali timilifu. Msaidizi anayekuta mavi mabichi na matawi yaliyovunjika husema kwa usahihi kabisa, “Tembo wamepita hapa.” Hajawaona tembo, ameiona athari ya tendo lao, na kiambishi -me- huibeba maana hiyo ya tendo ambalo matokeo yake bado yapo. Aliyewaona kwa macho saa moja iliyopita anaweza kusema sentensi hiyo hiyo. Katika takwimu za ikolojia, mnyama aliyeonekana na dalili ya mnyama ni data za aina mbili. Sensa nyingi za sokwe, kwa mfano, huhesabu viota wanavyovijenga kila jioni kwa ajili ya kulala, kisha idadi ya wanyama hukadiriwa kwa kuzingatia muda ambao kiota hudumu kabla ya kuoza. Anayechanganya kiota, mavi na mnyama mwenyewe huvuruga hesabu nzima. Fomu ya Kiswahili isiyo na safu ya “ameonekana”, “amesikika” na “dalili tu” humwachia kiambishi kimoja kazi isiyo yake.

Kipengele cha nne ni saa na siku. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa macheo na machweo, na hutofautiana kwa saa sita na ile inayoonyeshwa na kamera za kutegesha porini au na setilaiti. “Saa 2:15 asubuhi” ni 08:15. Msaidizi mmoja akiandika kwa saa ya Kiswahili na mwingine akinakili kutoka kwenye kifaa, jedwali litaonyesha mnyama anayekula usiku wa manane. Vivyo hivyo, kwa desturi ya waswahili wengi siku huanza jua linapozama, hivyo “usiku wa Ijumaa” kwa mmoja ni usiku wa kuamkia Ijumaa na kwa mwingine ni usiku unaofuata Ijumaa mchana. Kwa mtafiti wa popo, komba au fisi, tofauti hiyo ni ya siku nzima. Dawa yake ni nyepesi: fomu itamke mfumo wa saa unaotumika, na usiku uandikwe kwa tarehe mbili.

Vipengele hivi havipunguzi hadhi ya Kiswahili. Kila lugha ina mahali inapolazimisha ufafanuzi na mahali inaporuhusu utata. Kiingereza nacho hakimlazimishi mwandishi kuonyesha kutendana kama Kiswahili kinavyoweza kufanya kwa silabi mbili. Kinachohitajika ni mtafiti kuzijua sehemu hizo kabla ya kuchapa fomu.

4.0 Daraja: habari inayopotea njiani

Matokeo yakishachapishwa, hurudi kwa umma na kwa watunga sera katika sura ya daraja la hatari. Daraja linalotambulika zaidi hutolewa na Orodha Nyekundu ya IUCN. Chini ya mfumo huo, spishi zilizo katika tishio zimegawanywa katika ngazi tatu. Kigezo kimojawapo ni kasi ya kupungua katika miaka 10 au vizazi vitatu, kwa kutegemea kipi ni kirefu zaidi: kwa kawaida kupungua kwa asilimia 30 au zaidi huiingiza spishi katika ngazi ya chini, asilimia 50 katika ngazi ya kati, na asilimia 80 katika ngazi ya juu kabisa. Kigezo kingine ni idadi ya wanyama waliokomaa peke yake: chini ya 1,000, chini ya 250, na chini ya 50, kwa mfuatano huo.

Katika vyombo vya habari vya Kiswahili, ngazi zote tatu huitwa kwa jina moja: “wanyama walio hatarini kutoweka.” Athari ya umoja huo ilionekana Novemba 2018, gorila wa milimani walipohamishwa kutoka ngazi ya juu kwenda ngazi ya kati. Uhamisho huo ulikuwa tunda la miongo ya kazi katika nchi tatu. Mwaka 1981 sensa ya safu ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo, ilikadiria gorila wapatao 254. Sensa ya safu hiyo ya mwaka 2015 na 2016, ambamo vikosi vya nchi zote tatu vilichana msitu na kukusanya mavi kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba, ilipata 604. Baadaye sensa ya Bwindi na Sarambwe ilipata 459, na jumla ikawa 1,063.

Namna gani mafanikio hayo yanaweza kutangazwa kwa Kiswahili? Sentensi “gorila wa milimani sasa wako hatarini kutoweka” inasikika kama msiba mpya, ilhali ni habari ya kupona. Sentensi “gorila hawako tena hatarini” ni ya uongo. Mshauri wa sera anayesoma tafsiri ya kwanza anaweza kudhani fedha zilizotumika zimepotea. Anayesoma ya pili anaweza kudhani hazihitajiki tena. Makosa yote mawili yana uwezo wa kubadilisha bajeti ya doria, na doria ikipungua mitego ya kamba huongezeka.

Hapa makala yanapendekeza istilahi tatu zinazotumia maneno ambayo tayari yanaeleweka: “katika tishio la kutoweka” kwa ngazi ya chini, “hatarini kutoweka” kwa ngazi ya kati, na “ukingoni mwa kutoweka” kwa ngazi ya juu. Sifa ya pendekezo hili ni kwamba linaonyesha mwendo. Kwa istilahi hizo, habari ya mwaka 2018 inakuwa sentensi fupi na ya kweli: gorila wa milimani wameondoka ukingoni mwa kutoweka, lakini bado wako hatarini.

Neno kutoweka lenyewe linahitaji uangalizi. Katika matumizi ya kila siku, aliyetoweka anaweza kurudi. Sayansi hutofautisha spishi iliyokwisha kabisa duniani, iliyokwisha porini lakini ipo katika ufugaji, na iliyokwisha katika eneo moja tu. Chura wa Kihansi ni kielelezo kizuri. Alitambuliwa mwaka 1996 katika tathmini ya mazingira ya mradi wa umeme wa maji nchini Tanzania, akiishi katika manyunyu ya maporomoko ya korongo moja pekee. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua, na ugonjwa wa kuvu uliowaangamiza amfibia kwingineko duniani uligunduliwa pia huko. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa amekwisha porini. Hata hivyo, wachache waliopelekwa mapema katika bustani za wanyama za Marekani walikuwa wamezaliana, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikashiriki kuwatunza waliporejeshwa nchini. Tangu mwaka 2012 walianza kurudishwa korongoni. Kusema kwamba chura huyo “alitoweka” bila kuongeza neno porini kunaufuta mpango mzima uliomwokoa.

5.0 Athari kwa sera

Hatua tatu zilizoelezwa zinaunganishwa na kanuni moja: taarifa hupotea pale inapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila mtu aliyepewa jukumu la kuilinda. Kwa msingi huo, mapendekezo yafuatayo yanatolewa.

Kwanza, mamlaka zinazotoa vibali vya utafiti ziweke sharti la muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili, unaowasilishwa pamoja na ripoti ya mwisho na kupelekwa katika vijiji ambako data zilikusanywa. Tanzania tayari ina muundo wa kulisimamia sharti hilo kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Nchi jirani zina taasisi zenye majukumu ya aina hiyo.

Pili, fomu za uwandani zitengenezwe kwa ushirikiano wa mwanaikolojia na mwanaisimu, na zijaribiwe kwa Kiswahili kabla ya kazi kuanza. Mambo manne ya kukagua yamekwisha kutajwa: utajo wa mnyama, kauli ya kutendana, aina ya ushahidi, na mfumo wa saa na siku.

Tatu, madaftari ya Kiswahili yahesabiwe kuwa kumbukumbu za kisayansi zenye thamani yake, siyo malighafi ya kutafsiriwa na kusahauliwa. Nakala zake za kidijitali zihifadhiwe katika vyuo vikuu vya kanda, na walioyaandika watambuliwe kwa majina kwa kiwango kinacholingana na mchango wao.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama na wataalamu wa wanyamapori, isanifishe istilahi za madaraja ya hatari na majina ya spishi zinazovuka mipaka. Kazi hiyo ianze na spishi chache zenye uzito wa kisera: sokwe, gorila, tembo, na jamii za mbega.

Tano, usanifishaji huo usizimeze lugha za jamii. Endapo Kiswahili kitafutilia mbali majina ya Kinyakyusa, Kitongwe au Kinyarwanda, kitakuwa kimezitendea lugha hizo jambo lile lile ambalo Kiingereza na Kifaransa vimekitendea. Kila orodha ya istilahi iwe na safu ya majina ya kienyeji, mahali yalipokusanywa, na maelezo ya mnyama anayetajwa.

Mapendekezo haya yana gharama. Tafsiri huhitaji muda, na wafadhili huhesabu makala yaliyochapishwa kuliko mihtasari iliyosomwa kijijini. Pia Kiswahili siyo lugha ya kwanza ya wakazi wengi wa kandokando ya misitu ya Rwanda, Uganda na Burundi, na katika baadhi ya maeneo watu hukihusisha na askari kuliko na shule. Kwa hiyo muhtasari wa Kiswahili hautatosha kila mahali. Mahali pengine utakuwa hatua ya kati kuelekea lugha ya kijiji. Hata hivyo, gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ile ya sensa iliyovurugwa au ya mgogoro uliozaliwa na taarifa isiyoeleweka.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba Kiswahili hakingojei kuingizwa katika sayansi ya wanyamapori, kwani kimo humo tangu zamani. Kimekuwa daraja la majina kati ya wawindaji na vyuo vikuu, kimejaza madaftari ya mojawapo ya tafiti ndefu zaidi za wanyama pori duniani, na ndicho kinachotumika kuwaambia mamilioni ya wananchi kama mnyama fulani anapona au anakwisha. Kilichokosekana ni utaratibu wa kukikagua, kukiandaa na kukitambua katika kazi hiyo. Baadhi ya wanyama waliojadiliwa hapa wanahesabika kwa mamia au kwa maelfu machache, na kwa idadi kama hizo kosa dogo la kuhesabu au la kutangaza lina uzito mkubwa. Wanaisimu wa kanda wana wajibu wa kuingia msituni pamoja na wanaikolojia, na watunga sera wana wajibu wa kuwawezesha kufanya hivyo.